Malighafi ni Baridi, Si Maji

Mwaka 2023 uliingia Ulaya na joto lililovunja rekodi za Januari katika nchi kadhaa. Tarehe 7 ya mwezi huo, wanaume wa Kombe la Dunia la skii walishindana katika mteremko wa Chuenisbärgli, huko Adelboden, Uswisi. Picha zilizosambaa zilionyesha utepe mweupe ukishuka mlimani, kulia na kushoto kumejaa majani ya kahawia. Ni rahisi kuitazama picha ya namna hiyo na kuhitimisha kwamba siku hizi mashine hutengeneza theluji hata baridi isipokuwepo.

Haiko hivyo. Mzinga wa kawaida wa theluji unaofanya kazi nje hauwezi kutoa hata punje moja katika joto la namna ile. Utepe ule ulitokana na theluji iliyotengenezwa mapema, hewa ilipokuwa ya baridi, kisha ikasambazwa, ikashindiliwa na kulindwa mpaka siku ya mashindano. Sifa zote huwaendea wanaonyunyiza maji, lakini sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa ya tingatinga lenye minyororo mipana, linalotoka gereji jioni wageni wanapoondoka.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mjadala wa theluji ya mashine umekwama kwenye mizinga: mingapi imenunuliwa, inakula umeme kiasi gani, inamaliza maji ya nani. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, anayetaka kujua kituo cha skii kinaishije, na kitadumu mpaka lini, aanze na hesabu nyingine: kilipata saa ngapi za baridi mwanzoni mwa msimu, na theluji iliyopatikana katika saa hizo ilitunzwaje. Teknolojia haikukikomboa kituo kutoka mikononi mwa hali ya hewa. Imebadili tu sehemu ya hali ya hewa inayokitawala. Zamani mwenye kituo aliomba mawingu ya theluji. Leo anaomba usiku mkavu wenye baridi, na asipoupata, bwawa lake lililojaa maji halimsaidii kitu.

Fizikia ya mtungi

Ufundi wenyewe ulizaliwa na uhaba. Katika msimu wa 1949–50 kaskazini mashariki mwa Marekani, Walter Schoenknecht, mwenye kituo cha Mohawk Mountain jimboni Connecticut, alilazimika kununua mamia ya tani za barafu, kuisaga na kuitandaza mlimani ili wateja wake wapate pa kuteleza. Machi 1950, katika jimbo hilo hilo, Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey wa kampuni ya Tey, waliokuwa wakitengeneza skii, waliunganisha kompresa ya kupulizia rangi, nozeli na mpira wa kumwagilia bustani, wakapata theluji. Hataza ilitolewa mwaka 1954. Mwaka 1980 Lake Placid ikawa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi kutumia theluji ya mashine, na mwaka 2022 Beijing iliendesha michezo yake juu ya theluji hiyo karibu yote.

Kanuni inayoendesha mitambo hii mtu wa pwani anaijua bila kufundishwa darasani. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu kiasi kidogo hupenya udongo na kugeuka mvuke, na mvuke ukiondoka huchukua joto la maji yaliyobaki. Hewa ikiwa kavu, mtungi hupoza sana. Ikijaa unyevu, maji hubaki vuguvugu. Tone lililorushwa na mzinga hupitia jambo lile lile angani. Kwa hiyo mafundi hawatosheki na kipimajoto cha kawaida. Hutazama kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi, kinachoonyesha baridi ambayo tone lenyewe litaifikia. Kipimo hicho lazima kishuke mpaka karibu nyuzi 2 au 2.5 za Selsiasi chini ya sifuri ndipo kazi ianze, na theluji nzuri kwa wingi hupatikana kinaposhuka zaidi ya hapo. Hewa ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 30 hufaa kuliko hewa ya nyuzi 2 chini ya sifuri iliyoshiba ukungu. Ndiyo maana Afriski, kituo kilichoko zaidi ya mita 3,000 katika milima ya Lesotho, kinaweza kutegemea mashine: kipupwe cha nyanda zile ni kikavu.

Kisha kuna hesabu ya joto. Kila kilo ya maji yaliyofika nyuzi 0 lazima iachie kilojuli 334 ndipo igande. Hekta moja ya mteremko ikihitaji tabaka la sentimita 30, hizo ni mita 3,000 za ujazo za theluji. Theluji ya mashine ina uzito wa kilo 400 hadi 500 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo maji yanayotakiwa hayapungui tani 1,200. Kuyagandisha ni kuyaondolea joto la zaidi ya kilowati-saa 110,000. Umeme anaolipia mwenye kituo husukuma maji na kuzungusha feni, lakini kugandisha kwenyewe hufanywa na hewa ya mlimani, bure. Anayetaka kuona gharama ya kukosa hewa hiyo aende Dubai, ambako ukumbi wa Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005, hulipia baridi yake yote. Zipo pia mashine za nje zinazotoa theluji hata penye joto. Moja ya hizo, ya kampuni ya IDE ya Israeli, ilitokana na mitambo ya kupoza migodi mirefu ya dhahabu ya Afrika Kusini, na imesimikwa katika vituo vya skii vya Zermatt na Pitztal. Hufaa kuziba kipande fulani cha njia. Kufunika milima kwa mashine hiyo hakuna anayejaribu.

Baridi nayo ina masharti. Matone madogo ya maji safi yanaweza kushuka chini sana ya sifuri bila kuganda, yakikosa kitu cha kuanzia. Kwa hiyo mzinga una nozeli za aina mbili. Ndogo huchanganya maji na hewa iliyoshindiliwa. Hewa hiyo ikitoka hupanuka, hupoa ghafla na kuzaa mbegu za barafu. Kubwa hutoa wingi wa maji, na matone yake hukutana na mbegu hizo angani. Baadhi ya vituo vya Amerika Kaskazini huongeza protini ya bakteria Pseudomonas syringae, inayoharakisha kuganda. Bavaria, nchini Ujerumani, imekataa viungio vya namna hiyo.

Tone huganda kuanzia nje kwenda ndani. Likianguka kabla kiini hakijakaza, gamba huvunjika na maji humwagika. Ndiyo sababu milingoti ya kunyunyizia hufika mita 10 kwenda juu na feni hurusha matone mbali: kila sekunde angani ina thamani. Punje zinazofika chini ni viduara vidogo visivyo na matawi sita ya theluji ya mawinguni. Fundi husimama chini ya wingu la mzinga, akanyoosha mkono na kutazama koti lake. Punje zikiruka, theluji ni kavu; zikinata na kulowesha, maji yamezidi. Siku hizi vihisi hupima hewa na kompyuta hupunguza au kuongeza maji yenyewe, lakini kipimo cha mkono wa koti hakijastaafu.

Jimbo lililokosa theluji likapata baridi

Mahali pazuri pa kuusoma mfumo huu ni Tirol Kusini, jimbo la kaskazini mwa Italia ambako watu huzungumza Kijerumani, Kiitaliano na Kiladini. Milima yake ya Dolomiti iko upande wa kusini wa Alpi. Misimu mingine hupita na theluji haba ya mawinguni, ilhali usiku wa mwanzo wa majira ya baridi mara nyingi huwa mkavu, wenye nyota na baridi kali. Misimu mikavu ya mwishoni mwa miaka ya 1980 iliwalazimisha wenye vituo kuchagua kati ya kufunga na kuwekeza. Leo muungano wa Dolomiti Superski, ulioanza mwaka 1974 na unaounganisha maeneo 12 kwa tiketi moja, una takriban kilometa 1,200 za njia za kuteleza, na asilimia 97 ya njia hizo zina mfumo wa kutengeneza theluji.

Shida hiyo ilizaa viwanda. Ernst Prinoth, fundi makanika wa Ortisei aliyeendesha pia magari ya mbio, alianza kuunda matingatinga ya theluji miaka ya 1960. Kampuni yenye jina lake sasa iko Sterzing, na mshindani wake mkubwa ni Kässbohrer ya Ujerumani, inayounda PistenBully. TechnoAlpin, iliyoanzishwa mwaka 1990, iko Bolzano, na mizinga yake ndiyo iliyofunika miteremko ya Beijing 2022. Mashine zinaundwa jirani na mahali zinapotumika, na jambo hilo linaonekana katika ubora wake.

Katika jimbo hili Novemba ni mwezi wa kufa na kupona. Njia kuu lazima ziwe tayari mwanzoni mwa Desemba, kwa kuwa mapato ya Krismasi na Mwaka Mpya hayasubiri. Lengo linalotajwa sana katika sekta hii ni kufunika njia hizo ndani ya siku tatu hadi tano za baridi. Hapo ndipo wingi wa mizinga unapoeleweka vibaya. Mtu akiona mizinga mia kadhaa imejipanga mlimani hudhani inanguruma msimu mzima. Imenunuliwa mingi kwa sababu nafasi ni fupi. Mizinga mingi ikiwaka pamoja kwa saa chache za baridi kali hutoa theluji bora, tena kwa umeme mdogo kwa kila mita ya ujazo, kuliko mizinga michache inayohangaika wiki mbili katika baridi hafifu. Mabwawa na pampu kubwa zina sababu hiyo hiyo: maji yote yanahitajika kwa mkupuo.

Lundo kwanza, mteremko baadaye

Theluji inapotoka mzingani haitandazwi papo hapo. Huachwa irundikane, malundo yapite kimo cha mtu, yakae siku moja hadi tatu. Ndani ya lundo maji yaliyosalia huchuruzika au kuganda, na punje huanza kushikana. Dereva mwenye pupa akilisukuma likiwa bado bichi, atatandaza rojo litakalogeuka barafu tupu, na barafu hiyo itamsumbua mpaka Machi. Lundo lina faida nyingine: uso wake ni mdogo ukilinganishwa na ujazo, hivyo joto likija hupoteza kidogo kuliko theluji ile ile ikiwa imetandazwa nyembamba. Utabiri ukionyesha wiki ya joto, busara mara nyingi ni kuyaacha malundo yalivyo na kuchelewa kufungua. Meneja anayeamua hivyo huku hoteli za bondeni zimejaa wageni anahitaji moyo mgumu.

Ardhi nayo ina neno lake. Udongo uliobaki na joto la kiangazi huyeyusha theluji kutoka chini. Kwa hiyo theluji ya kwanza ya mawinguni hushindiliwa ingali nyembamba, maana ikiachwa laini huzuia baridi isiingie udongoni. Kazi ya kiangazi huonekana hapa pia. Njia iliyoondolewa mawe na kukatwa majani inaweza kufunguliwa kwa sentimita 20 au 30. Njia ya mawe huhitaji mara kadhaa ya hizo. Kila jiwe lililong'olewa Julai ni maji ambayo hayatasukumwa Novemba.

Kazi ya kila usiku huanza lifti zikifungwa, kwenye saa 11 jioni. Mchana kutwa maelfu ya watu wamekata kona kwa kingo za skii zao, na kila kona imesukuma theluji kidogo kwenda chini na pembeni. Jioni katikati ya njia pamekwanguka, kandokando pamejaa. Tingatinga la tani 10 na zaidi, lenye injini ya nguvu za farasi 400 au 500, hupanda likirudisha theluji ilikotoka kwa bapa lake la mbele. Nyuma huburuta ngoma yenye meno, inayosaga vibonge na kuchanganya tabaka. Mwishoni huja vichana vya plastiki vinavyolainisha uso na kuacha matuta membamba yaliyonyooka, ambayo mteja wa asubuhi huyapenda kuliko kitu kingine chochote.

Uzuri huo wa asubuhi ni zao la muda. Kusaga huvunja viungo kati ya punje, hivyo theluji iliyotoka kusagwa ni dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla. Ikiachwa itulie katika baridi, punje huungana upya zinapogusana, viungo hukua saa hata saa, na asubuhi uso unaweza kubeba umati. Dereva anayeijua kazi yake huwahi. Njia iliyosawazishwa saa 2 usiku hupata saa 12 za kukaza. Iliyosawazishwa alfajiri hufunguliwa ikiwa laini, na adhuhuri imekwisha kukwanguka. Machi na Aprili hesabu hubadilika. Jioni theluji imelowa, na anayeingia mapema mno hukoroga rojo. Akichelewa mpaka uso umeganda, ngoma itatoa vibonge vigumu vinavyotegua magoti. Anachotafuta ni ile saa ambayo uso umeanza kukaza na ndani kungali kunasagika. Usiku wa nyota huileta mapema, kwa kuwa theluji hupoteza joto lake kwenda angani; usiku wa mawingu huweza kumnyima kabisa.

Kila kupita kuna gharama. Tingatinga hutumia kama lita 20 hadi 30 za dizeli kwa saa, na ngoma ikisaga theluji ile ile wiki hata wiki, punje huzidi kuwa ndogo na duara mpaka uso unakuwa mgumu usioshika kingo za skii. Kusawazisha vizuri ni pamoja na kujua wapi pa kuacha. Kwenye miteremko mikali tingatinga hushikiliwa na waya wa chuma wa winchi, unaoweza kufika mita 1,000, uliofungwa kwenye nguzo juu ya mlima. Bila waya huo minyororo ingeteleza, ikachimba na kuipeleka theluji yote bondeni. Gizani hauonekani, na ukikazwa hurupuka kutoka kwenye theluji kwa nguvu ya kuua. Watu waliopanda usiku wakipuuza mabango wamepoteza maisha Ulaya, na marufuku ya kuingia njiani usiku inatokana na vifo hivyo.

Mashindano yana mahitaji yake. Kwenye Saslong ya Val Gardena au Gran Risa ya Alta Badia, maji huingizwa ndani ya theluji kwa mabomba yenye matundu, yagande humo, ili mshindani wa 50 akute uso unaokaribiana na ule wa mshindani wa kwanza. Ni aina ya uso anayoijua vyema Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, akalelewa Austria na kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya PyeongChang ya 2018. Mtalii akiwekwa hapo hatafika mbali kabla ya kuanguka. Theluji moja, chini ya mashine zile zile, inaweza kuandaliwa kwa watu wawili tofauti kabisa.

Kina kwa sentimita

Kwa miaka mingi dereva alikisia kina cha theluji kwa uzoefu na kwa kutoboa kwa fimbo. Hofu ya kugusa mawe ilimfanya atake tabaka nene kila mahali, na mafundi wa mizinga walimpa. Leo mteremko hupimwa wakati wa kiangazi kwa leza au droni, ikapatikana ramani ya ardhi tupu. Majira ya baridi, vipokezi vya setilaiti huonyesha tingatinga liko kimo gani. Kompyuta hutoa kimo cha ardhi, na tofauti inayobaki ni kina cha theluji chini ya minyororo, kwa usahihi wa sentimita chache. Dereva huona kwenye skrini kwamba hapa kuna 25 na pale, hatua 20 pembeni, kuna 90. Mifumo ya aina hii, kama SNOWsat ya Kässbohrer na ile ya Leica Geosystems, imeshaenea Alpi.

Thamani yake iko katika fedha. Kwa makadirio ya kawaida ya Alpi, mita ya ujazo ya theluji ya mashine hugharimu euro 3 hadi 5. Njia ya kilometa 2 yenye upana wa mita 40 ni hekta 8. Sentimita 10 zisizohitajika juu yake ni mita 8,000 za ujazo, yaani euro 24,000 hadi 40,000 zitakazoyeyuka bila kukanyagwa. Kituo kinachojua kina chake huzima mizinga mapema, na hutuma tingatinga kuchota pale palipojaa kabla ya kuomba maji mapya. Zile njia nyeupe zinazobaki mlimani mwezi Mei, ambazo wapita njia huzipiga picha kwa mapenzi, ni ushahidi wa hesabu mbaya ya Desemba.

Hata hivyo skrini haifanyi uamuzi. Kituo ambacho timu ya mizinga ina bajeti yake na timu ya matingatinga ina yake kitaendelea kupoteza, kwa sababu kila timu itaokoa upande wake: wa mizinga watafurahia mita nyingi za ujazo, wa matingatinga watabana dizeli wasichote pembeni. Faida ya vipimo huanza pale mtu mmoja anapopewa mamlaka juu ya theluji yote, tangu bwawani mpaka siku ya kufunga. Mabadiliko hayo ya uongozi hayana gharama ya kununua, na ndiyo yanayocheleweshwa zaidi.

Akiba inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii inaoza, na ufundi uko katika kuichelewesha. Kiangazi cha 2015 watafiti wa taasisi ya theluji ya SLF, Davos, walipima kwa leza malundo mawili yaliyofunikwa kwa unga wa mbao, moja Davos na jingine Martell, Tirol Kusini. Kiangazi kilipokwisha, asilimia 74 ya ujazo ilikuwa imebaki Davos na asilimia 63 Martell. Tabaka la mbao lenye unene wa sentimita 40 hivi huzuia jua na hewa ya moto, na unyevu wake ukigeuka mvuke huondoa joto linalobaki. Sochi nayo ilihifadhi theluji ya msimu uliotangulia kwa ajili ya Olimpiki ya 2014.

Njia hii inawafaa sana wa skii za masafa marefu, ambao ukanda mwembamba wa theluji huwatosha kuanza mazoezi Oktoba. Kwa miteremko mipana ya watalii huokoa kipande kimoja tu. Mantiki yake lakini ni ile ile ya msimu mzima: baridi ya Januari na Februari, inayokuja kwa wingi wakati haihitajiki sana, inahamishiwa Oktoba na Novemba inapokosekana.

Ufundi unapoishia

Wapinzani huiita theluji ya uongo. Neno hilo linawapotezea hoja, maana ni maji yaliyoganda kama theluji nyingine, na katika nchi zisizotumia viungio hakuna kingine ndani yake. Wana hoja nzito zaidi. Ya kwanza ni maji. Watafiti wa SLF walionyesha mwaka 2019, kwa majaribio ya mlimani, kwamba kati ya asilimia 7 na 35 ya maji yanayorushwa hupotea kabla ya kuwa theluji njiani, na hasara huongezeka hewa inapokuwa na joto zaidi. Kituo kinacholazimisha mizinga katika baridi hafifu hulipa mara mbili. Ya pili ni ardhi: theluji hii nzito huchelewa kuyeyuka kwa wiki kadhaa, na mimea iliyo chini yake hupata msimu mfupi. Ya tatu ni mabwawa. Oktoba 2022, mahakama ya Grenoble, Ufaransa, ilisimamisha ujenzi wa bwawa la La Clusaz baada ya wanamazingira kulipinga.

Wenye vituo nao hutangaza theluji ya uhakika. Walicho nacho kwa uhakika ni mabomba. Mwaka 2023 Hugues François na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa vituo 2,234 katika nchi 28 za Ulaya. Bila mashine, joto la dunia likipanda nyuzi 2, asilimia 53 ya vituo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji. Likipanda nyuzi 4, asilimia 98. Nusu ya eneo la njia ikihudumiwa na mashine, hesabu hushuka kuwa 27 na 71. Tofauti ya 53 na 27 ndiyo thamani halisi ya ufundi niliouelezea, na si ndogo. Ile 71 ni mahali unapoishia, kwa kuwa saa za baridi huanza kutoweka kwenye milima mifupi, na zinazobaki husogea kutoka Novemba kwenda Januari, mapato ya sikukuu yakiwa yameshapita.

Kwa mtazamo wangu, vituo vilivyoko juu katika Dolomiti vina miaka mingi mbele yao, mradi viendelee kujifunza kutumia theluji kidogo. Kituo cha mita 1,200 kinachokopa leo kununua mizinga kinaweka rehani baridi ambayo huenda isije. Hatari hiyo inapobebwa na wenye hisa, ni biashara yao. Inapobebwa na serikali ya jimbo kwa ruzuku, mlipakodi ana haki ya kuonyeshwa mambo matatu kwa takwimu: saa ambazo kipimo cha kitambaa kibichi kilishuka vya kutosha kila Novemba na Desemba kwa miaka 20 iliyopita, mita za ujazo zilizotengenezwa kwa kila hekta, na kina kilichobaki siku ya kufunga. La kwanza linaonyesha kama malighafi ipo. Mawili yanayofuata yanaonyesha kama wanajua kuitumia. Kituo kinachoweza kuyatoa kinastahili kusikilizwa. Kisichoweza kinaomba fedha za umma kununua pampu na mabwawa, wakati kinachokosa hakiuzwi popote.